Kichwa cha Meya Chaenda Butiama

Shuka jeupe lilikuwa limelala bapa juu ya meza.

Hapo ndipo tulipomwacha Mama Selestina wiki iliyopita, na wote waliolala vibaya kwa ajili yake wanisamehe. Leo twende naye mbio, maana yeye mwenyewe hakukaa.

Aliweka kiganja juu ya shuka. Akalipapasa kona hadi kona, kama mama anayepapasa kitanda akimtafuta mtoto aliyejificha. Chini ya shuka kulikuwa na meza tu.

"Hayupo," alisema.

"Nani hayupo?" jirani yake Getruda aliuliza kutoka uani, mwiko mkononi.

"Meya."

Kwa anayejiunga nasi leo: Meya Danford Mseti mwenyewe alishafariki, akazikwa vizuri hapahapa Makoko, nyuma ya nyumba yake. Aliyepotea ni wa shaba. Mji wa Musoma umeamua kumkumbuka meya wake wa zamani kwa sanamu ya kichwa na mabega, isimame bustanini, ikitazama ziwa. Kesho, Jumamosi, ndiyo siku ya kuifunua mbele ya watu.

Hyasinta, fundi wa sanamu kutoka Bunda, aliileta jana. Mjane wa meya, Mama Selestina, akaomba jambo moja tu: mume wake alale nyumbani kwanza, ndipo aende bustanini. Fundi hakuwa na moyo wa kumkatalia.

Basi jana jioni gari liliingia Makoko likienda taratibu ili shaba isigongwe, taa za tahadhari zinawaka, na nyuma kuna kitu kimefunikwa shuka jeupe. Majirani wakafanya wanachofanyaga majirani wa Makoko. Walilia. Kabla Boniphace dereva hajazima injini, turubai lilishafungwa, viti vimeshafika kutoka kanisani, kuni ziko uani. Mama mmoja mwenye chupa moja tu ya chai nyumbani kwake alikuwa ameshaileta na kurudia sukari.

Walipoambiwa kwamba ni sanamu, walitazamana. Ugali ulikuwa tayari umesongwa. Wakaona bora waendelee.

Na sasa ni asubuhi, na marehemu wa shaba hayupo.

Hyasinta alitoka chumbani na mswaki mdomoni. Akauchomoa.

"Haiwezekani! Ni mzito kama gunia la mahindi. Hawezi kutoka mwenyewe."

"Alipokuwa hai alikuwaga hivyohivyo," alisema Getruda. "Mnamtafuta hapa, kumbe yuko Nyakato anakagua mtaro."

"Mama Getruda, jamani, si wakati wake."

"Nasema tu ukweli. Basi ni wale wa vyuma chakavu. Wananunua mpaka vifuniko vya mitaro. Saa hizi wameshamyeyusha, kawa bomba."

Hyasinta alikaa chini, palepale sakafuni. Mama mmoja wa jumuiya aliona, akamsogezea mkeka bila kusema neno.

Mama Selestina hakukaa wala hakulia. Aliuliza swali moja.

"Gari liko wapi?"

Wote walikimbilia dirishani. Gari halikuwepo. Na Boniphace dereva hakuwepo.

"Boniphace kaiba!" Getruda alipiga kelele. "Na jana nikamwongezea dagaa!"

Hyasinta alipiga simu, akaweka spika. Iliita, ikaita, ikapokelewa.

"Fundi, naendesha, nitakupigia."

"Usikate! Uko wapi?"

"Nakata kona ya Makutano. Naingia njia ya Butiama."

"Uko na nani?"

"Niko na marehemu."

Hyasinta alifumba macho. "Boniphace. Nani amekuambia umpeleke marehemu Butiama?"

"Si kaka yake! Mzee Keraryo. Alikuja alfajiri na vijana wa ukoo, wanalia wote. Amesema amekuja kumchukua ndugu yake akamzike nyumbani. Sasa mimi dereva, mtu mzima analia mbele yangu, nimwambie nini? Halafu hata kina mama wa jumuiya walitusaidia kubeba. Wameimba vizuri kweli. Wape asante."

Simu ilikatika.

Macho yote uani yalimgeukia Getruda, ambaye ndiye kiongozi wa kina mama wa jumuiya, na sauti yake inajulikana mpaka Buhare. Mwiko wake ulishuka polepole.

"Mimi nilijua ni utaratibu," alisema. "Mlipoanza kumtafuta tukaogopa kusema."

"Uliimba?" Hyasinta aliuliza.

"Kidogo."

"Aliimba beti zote," mama wa mkeka alisema.

"Ee, beti zote! Kaka wa marehemu amesimama mlangoni analia, wewe utamwuliza kibali? Nilianzisha wimbo, kama tulivyoimba usiku kucha. Nikashika mguu." Alifikiri. "Hana miguu. Nilishika bega la kushoto."

Tusimcheke sana Getruda. Watu wetu ndivyo walivyo. Msiba ukishaanza, kaka mkubwa wa marehemu akisimama akasema twendeni, hakuna anayeuliza twende wapi, wala kama marehemu ni wa nyama au wa shaba. Mnabeba.

Hyasinta alimvuta Mama Selestina pembeni, nyuma ya turubai.

"Mama, kesho watu wote wanakuja bustanini. Nitawafunulia nini? Nguzo?"

"Mwanangu, habari ya kesho iache kwanza. Wewe unajua habari yangu."

Hyasinta alijua. Ni yeye peke yake aliyejua.

Mama Selestina alipokwenda Bunda mara ya kwanza kukagua sanamu ikiwa bado ya udongo, hakuitazama kama watu wanavyotazama. Aliishika. Vidole vyake vilipita kwenye paji, vikashuka puani, vikarudi. Hyasinta alisogeza taa karibu, akaona haisaidii. Hakuuliza mbele ya wafanyakazi wake. Alingoja watoke kwenda kula, ndipo akasema polepole, "Mama, ni jicho gani?"

La kushoto lilikuwa limekwenda. La kulia linafuata. Presha ya macho, daktari alisema. Dawa zitachelewesha, hazitarudisha. Mama Selestina hakuwa amemwambia mtu, hata Gloria, binti yake aliyeko Dodoma. Picha ya mumewe ukutani ilikuwa imeanza kuwa ukuta tu.

"Nitengenezee wa kushikika," alimwambia fundi siku ile.

Na fundi hakumwambia mtu. Alirudi kwenye udongo wake, akazidisha mikunjo ya paji, akaacha nyusi ziwe na nywele za kuhisika kwa kidole. Wakubwa walipokuja kukagua walisema mbona si laini. Alijibu ndiyo mtindo wa siku hizi.

"Huyu akifukiwa," Mama Selestina alisema sasa, nyuma ya turubai, "nitakuwa nimemzika mara mbili. Na safari hii sitamwona tena."

Hyasinta aliutupa mswaki.

"Twende Butiama."

Walipata gari la kwaya, ngoma zikiwa bado ndani. Getruda alikuwa wa kwanza kupanda, na sufuria la maharage mapajani, kubwa, limefungwa kanga.

"Mama Getruda, hilo la nini?"

"Huendi kwenye msiba mikono mitupu."

"Si msiba!"

"Huko tunakokwenda kuna kaburi?"

Hyasinta alisita. "Nadhani wanachimba."

"Basi ni msiba. Sogea."

Hawajavuka mji, simu ya Hyasinta ikalia. Alikuwa afisa utamaduni, mwenye shughuli ya kesho.

"Fundi! Mstahiki ameamkaje?"

"Ameamka salama, kaka."

"Nipite nimwone? Nataka kupima nguzo."

"Kwa sasa ametoka kidogo."

"Ametoka?"

"Ameenda kusalimia nyumbani."

Afisa alicheka mpaka akakohoa. "Fundi, wewe una utani! Haya, nitakuja jioni."

Hyasinta alirudisha simu kwenye pochi. Yeye hakucheka. Getruda alicheka kwa niaba yake, mpaka Makutano.

Nyumbani kwa Mzee Keraryo, Butiama, vijana walikuwa kwenye shimo, mawe waliyochimbua yamepangwa pembeni. Walipomwona mjane anashuka, waliacha sepetu, wakavua kofia. Mmoja alikimbia akarudi na kiti, akakifuta vumbi kwa shati lake mwenyewe.

Ni vigumu kugombana na watu wanaokuletea kiti. Mama Selestina alikaa kidogo ili kijana asijisikie vibaya, halafu akasimama.

Boniphace dereva alikuwa kivulini, kiazi mdomoni. Alipomwona Hyasinta, kiazi kilikwama.

"Fundi, usinipige. Nilimfunga mkanda."

"Mkanda gani?"

"Wa gari. Sikumlaza nyuma, nilimkalisha siti ya mbele. Meya mzima, nimlaze nyuma na tairi la akiba?"

Hyasinta alikuwa na maneno mengi sana ya kumwambia Boniphace. Yote yaliishia hapo. "Asante," alisema, na akapita.

Mlango wa nyumba ulikuwa wazi, ndani giza baada ya jua lile la nje. Sauti ikatoka.

"Karibu, shemeji. Kama umekuja kumzika mume wako, karibu ndani. Kama umekuja kumchukua, karibu chai, halafu urudi salama."

"Nimekuja kumchukua, shemeji."

"Basi karibu chai."

Waliingia. Mzee Keraryo alikuwa amekaa kwenye kochi, blanketi mabegani, kichwa wazi. Kando yake, kwenye kigoda cha juu, sanamu ilikuwa imekaa naye begani kwa bega. Nayo ilikuwa na blanketi. Kichwani ilikuwa imevaa kofia ya mzee, ile yake nzuri ya kuendea kanisani.

Getruda na Hyasinta waliona.

"Shemeji, ile ni shaba," Mama Selestina alisema kutoka mlangoni.

"Najua ni shaba, mimi si mtoto. Nimemgonga na kidole, amelia kama kengele."

"Kwa hiyo unazika kengele?"

"Nazika ndugu yangu."

"Ndugu yako alishazikwa, shemeji. Kwa misa, na mapadri."

"Ndiyo nilivyosikia. Nilisikia!" Sauti ya mzee ilipanda, halafu ikarudi chini. "Mwili mnao nyinyi huko Makoko. Wote, miguu mpaka nywele. Mimi naomba kichwa tu."

Getruda alitaka kucheka. Aliona uso wa mzee, akaacha.

"Unakumbuka nilikuwa wapi, shemeji?"

"Hospitali, Bunda."

"Hospitali, Bunda. Moyo unanisumbua. Daktari akawaambia mtu huyu asipewe habari mbaya, na nyinyi mkatii. Siwalaumu. Siku naruhusiwa nikasema sipiti nyumbani, naanzia kwa Danford. Nikanunua sangara, mkubwa hivi, ameng'aa. Nafika Makoko, nagonga mlango nimembeba samaki, ndipo mtu ananiambia pole mzee, alishazikwa. Nikasimama pale. Sijui niweke wapi samaki."

Nje sepetu iligonga jiwe, ikaacha.

"Nilimbeba mgongoni akiwa mdogo, mvua ikinyesha, kumpeleka shule," Mzee Keraryo alisema. "Na sikumtupia hata konzi ya udongo. Mtu gani huyo? Sasa leo amekuja. Mnataka mkamsimamishe bustanini peke yake, apigwe na jua, makorongo wamnyee kichwani?"

Mama Selestina aliuachia mlango.

"Basi niruhusu nimsalimie kwanza, shemeji. Tutagombana baadaye."

"Msalimie. Ni wako."

Alitembea, mkono mmoja umetangulia kidogo. Mwenye macho angedhani ni heshima. Mbele yake aliona maumbo mawili, yote yana blanketi. Moja lina kofia. Na Mama Selestina, kwa akili yake nzuri kabisa, aliamua kwamba sanamu haivai kofia.

Hyasinta aliona mkono unaelekea wapi. Alifungua mdomo, akachelewa.

Vidole vya Mama Selestina vilitua kwenye paji la Mzee Keraryo.

Mzee aliganda. Katika nyumba ile mke wa ndugu hamshiki shemeji yake usoni, hajawahi, na yeye hakujua ageukie wapi. Vidole vilipita kwenye mikunjo, vikashuka taratibu.

"Hapa umempata, mwanangu," Mama Selestina alisema kwa upole. "Paji lake hili. Na pua hii, alikuwaga nayo hivihivi." Vidole viliendelea kushuka. Vikasimama. "Lakini Hyasinta, mbona umemwotesha ndevu?"

Getruda alilipuka kwa kicheko, mpaka sufuria likayumba.

Halafu kicheko kikakatika chenyewe, maana ndipo alipoelewa.

"Tena ana joto," Mama Selestina alisema, sauti ndogo.

"Shemeji," Mzee Keraryo alisema. "Ni mimi."

Mama Selestina aliondoa mkono kama aliyegusa jiko.

"Nisamehe, shemeji. Jua la nje limenitia giza."

"Umesimama mbele yangu, pua kwa pua."

"Nimesema ni jua."

"Jua haliingii ndani ya nyumba yangu, shemeji. Tangu lini huoni?"

Hyasinta alimshika Mama Selestina kiwiko, hakumsemea. Mwishowe mwenyewe alisema yote, kwa maneno machache: jicho la kushoto, jicho la kulia, daktari, picha ya ukutani.

"Kumbe!" Getruda alisema, na machozi yalikuwa yanamtoka bila yeye kuyaangalia. "Ndiyo maana juzi ulipita pale kwangu ukamwamkia mbuzi wangu!"

"Nilidhani ni wewe."

"Asante sana, Mama Gloria."

"Hakuitikia. Nikajua umenuna."

Getruda alicheka na kulia pamoja, akamkumbatia, sufuria la maharage likiwa katikati yao. Tangu siku hiyo, niwaambie mapema, Getruda anapomwona Mama Selestina kwa mbali huanza kuimba, ili ajulikane ni nani anakuja. Hajawahi kueleza sababu.

Mzee Keraryo alisimama. Aliivua sanamu kofia. Akauchukua mkono wa shemeji yake kwa kipande cha blanketi, kwa adabu, akauweka kwenye shaba.

"Huyu hapa. Hana ndevu."

Vidole vilianza upya. Paji. Nyusi, unywele mmoja mmoja. Shavu. Vikafika pembe ya mdomo, upande wa kulia, pale Danford Mseti alipokuwa anakifichia kicheko wakati wa vikao virefu, na vikabaki hapo.

"Ndiyo," Mama Selestina alisema. "Habari za siku nyingi."

Mzee Keraryo alitoka nje. Walimsikia anasema, "Acheni, vijana."

"Tuache, mzee? Tumeshafika kifuani!"

"Nimesema acheni. Anarudi mjini."

"Na shimo?"

Hapo mzee alilitazama shimo. Katika boma lile, na maboma mengi ya huko, kaburi likishafunguliwa halifukiwi bure. Lazima lipewe kitu. Likifungwa tupu, wazee wanasema, linamngoja mtu wa nyumba hiyo.

Vijana waliruka kutoka shimoni haraka sana.

"Tuweke mgomba," Getruda alishauri kutoka mlangoni. "Nimeona watu wakizika mgomba."

"Mgomba?" Mzee Keraryo aligeuka. "Nimekosa kumzika ndugu yangu mara ya kwanza, mara ya pili nimzikie ndizi? Meya wa mji?"

"Basi nimekosea, baba."

"Mzee," Hyasinta alisema. Alikuwa anafikiri huku anazungumza. "Kuna kingine."

"Kingine nini?"

"Kichwa. Shaba hii haikuanza ikiwa shaba. Nilimfinyanga kwanza kwa udongo, kwa mikono yangu, ndipo nikachukua umbo. Yule wa udongo nimemhifadhi karakana, Bunda. Mama ndiye aliyemshika siku ile. Mimi wa shaba namhitaji kesho. Wa udongo ni wako, ukimtaka."

Mzee Keraryo alimtazama sana.

"Udongo wa wapi?"

"Wa hukuhuku kwetu, mzee. Ukingoni mwa ziwa."

"Sura ni ileile?"

"Ileile. Hana ndevu."

Mzee Keraryo alicheka. Kilikuwa kicheko kidogo, cha mtu ambaye hakukitumia muda mrefu, lakini Mama Selestina ndani ya nyumba alikisikia na mkono wake ukatulia kwenye shaba. Kilikuwa kicheko cha Danford.

Mambo yakaenda haraka. Boniphace alipewa ufunguo wa karakana na kuambiwa akimbie Bunda akamlete wa udongo. ("Na yeye nimfunge mkanda?" "Na yeye.") Mzee angemzika ndugu yake leo, kwa udongo wake, kwa konzi yake. Mama Selestina angerudi Musoma na wa shaba. Na kesho bustanini, walipatana, watakaa kiti na kiti, shemeji na shemeji, na mzee ndiye atakayemsimulia nani amevaa nini na nani amesinzia.

Sufuria la Getruda likafunguliwa. Wachimba kaburi walipewa kwanza, maana walikuwa wamechoka kwa kazi ambayo haijulikani kama ni kazi.

Walikuwa bado wanakula pale sebuleni, wa shaba akiwa katikati yao bila kofia, simu ya Hyasinta ilipolia. Mikono yake ilikuwa na mafuta, akabonyeza spika kwa kiwiko.

"Fundi," Boniphace alisema. "Nimefika karakana."

"Vizuri. Yuko kwenye kona, chini ya turubai la bluu."

"Turubai nimeliona. Yeye hayupo."

"Angalia vizuri, Boniphace."

"Nimeangalia mpaka kwenye pipa. Jirani yako muuza mkaa anasema amechukuliwa leo asubuhi. Mlinzi wako ndiye aliyefungua. Kuna mama alikuja na bajaji. Mama mtu mzima, amevaa vizuri. Amemfunga kwenye kanga, akampakata hivi, kama mtoto mchanga. Alikuwa anamwimbia."

"Mama gani? Kwa ruhusa ya nani?"

Bajaji nyingine ilisikika ikipita huko aliko.

"Boniphace!"

"Fundi, Mama Gloria yuko karibu?"

"Niko hapa," Mama Selestina alisema.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Sema tu."

"Basi, mama... mlinzi naye alimwuliza hivyohivyo, wewe nani. Akajibu anamchukua mume wake."

Tonge la Getruda lilisimama hewani.

Hyasinta alimtazama Mzee Keraryo. Mzee Keraryo alikuwa ameinua uso, anayatazama mabati ya nyumba yake, bati moja moja, kwa makini ya fundi anayetafuta pa kuvuja.

"Shemeji," Mama Selestina alisema.

"Naam, shemeji."

"Mimi sioni vizuri. Lakini mbona umenyamaza?"

"Nasikiliza simu."

"Simu imekatika."

Bati la mwisho lilimchukua muda mrefu.

Mama Selestina aliweka sahani chini. Alinyoosha mkono kwenye shaba, akapita shavu, akapita nyusi, akatafuta sikio la kulia. Alilipata. Akalishika kwa vidole viwili na kulikaza, kama mama anavyolishika la mtoto aliyerudi nyumbani amechelewa.

"Haya, Baba Gloria," alisema. "Anza wewe."